Kuitambua na kuifufua trekta kongwe ya bustani kwa ajili ya mtu wa ukoo

Mjomba, bibi au baba mkwe akikuomba umwamshie trekta ya bustani iliyolala kibandani kwa miaka mingi, anza na tochi, kitambaa na daftari. Spana zingoje. Trekta hizi nyingi zilitoka Marekani kati ya mwaka 1955 na 1985, na katika miaka hiyo viwanda vilibadilisha vipuri hata katikati ya msimu. Ukiagiza gasketi au beliti kwa kukisia utaagiza mara tatu. Ukiwa na namba sahihi utaagiza mara moja.

Kabla ya namba, zungumza na mwenye mali. Mambo mawili yanahitaji jibu lake. La kwanza: ilisimamaje? Trekta iliyoegeshwa ikiwa nzima kisha ikasahaulika huwa na kabureta iliyoganda, platini (vigusio vinavyokata umeme ili cheche iruke) zenye kutu na betri iliyokufa. Iliyosimama kwa kishindo huenda ina mkono wa pistoni uliokatika, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. La pili: anaitaka ya nini? Ya kukatia majani kila wiki inahitaji breki na swichi za usalama zilizo timamu kuliko inavyohitaji rangi. Ya kukumbukia marehemu aliyeiendesha huenda isihitaji rangi kabisa, maana ule mkwaruzo kwenye boneti ndio anaoukumbuka. Uliza kabla hujashika msasa; rangi ya kwanza ikishaondoka hairudi.

Mwombe pia kila kopo la bolti, kila karatasi na kila ufunguo uliobaki. Mara nyingi kabureta ya asili imo kwenye kopo la rangi juu ya rafu.

Kuitambua

Trekta ina vitambulisho viwili visivyohusiana: cha trekta yenyewe na cha injini. Watu huvichanganya, halafu hushangaa kwa nini muuzaji hapati kipuri. Injini ilitengenezwa na kampuni nyingine, kwa kawaida Kohler, Briggs & Stratton au Tecumseh, na baada ya miaka hamsini huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani.

Bamba la trekta litafute chini ya kiti, kwenye nguzo ya usukani, ubavuni mwa fremu na nyuma juu ya giaboksi. Osha kwa maji ya sabuni na brashi laini. Usitumie brashi ya waya wala tina, kwa sababu namba nyingi zimechapwa kwenye karatasi ya alumini au stika, na tina huzifuta mara moja. Namba iliyofifia iangazie tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiinue maandishi, kisha piga picha.

Baadhi ya namba zinajieleza. Wheel Horse za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilibeba nguvu ya injini mbele na tarakimu ya mwaka mwishoni: 854 ni nguvu za farasi 8, mwaka 1964, 1054 ni farasi 10, mwaka huo huo, 701 ni farasi 7, mwaka 1961. RJ-58 ni ya 1958. Toro waliinunua kampuni hiyo mwaka 1986, kwa hiyo trekta yenye majina yote mawili ni ya baada ya hapo.

Cub Cadet ya International Harvester ilianza mwaka 1961 kwa injini ya Kohler ya farasi 7. Kuanzia modeli ya 102 hadi 169, tarakimu mbili za mwanzo ni nguvu, na ya mwisho inakuonyesha giaboksi: shufwa ni gia za kawaida, witiri ni haidrostati, yaani mwendo unaosukumwa na shinikizo la mafuta bila kubadilisha gia. Kwa hiyo 122 na 124 ni farasi 12 zenye gia na klachi, ilhali 123 na 125 ni farasi 12 za haidrostati. Kanuni hii haizihusu ndogo za farasi 7, yaani 71, 72 na 73. Zote zina gia. Mwaka 1981 International Harvester waliiuza Cub Cadet kwa MTD, na vipuri vya kabla na baada ya hapo usivichukulie kuwa ni vimoja.

John Deere 110 ilianza mwaka 1963. Zilizotoka hadi 1967 zina madigadi ya mviringo. Kuanzia 1968 madigadi ni ya pembe mraba. Ukikuta John Deere yenye boneti nyekundu, ya machungwa, ya njano au ya buluu, usidhani mtu aliiharibu kwa kuipaka ovyo. Kati ya 1969 na 1971 kiwanda chenyewe kiliuza za rangi hizo, na kuipaka kijani kwa nia njema ni kuifuta historia yake. Kwaruza kidogo chini ya kiti au ndani ya boneti uone rangi iliyo chini kabisa.

Trekta ndogo za zamani za Allis-Chalmers, kama B-10, zilitoka mikononi mwa Simplicity wa Port Washington, Wisconsin, ndiyo maana vipuri vingi vinaingiliana. Hili huokoa sana pale kipuri kinapokosekana kwa jina moja. Trekta za Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, nazo hazikutengenezwa na Sears wenyewe. Tarakimu tatu za kwanza za namba ya modeli, kabla ya nukta, humtaja mtengenezaji: 917 ni Roper, 502 ni Murray. Kwenye injini za Sears, 143 ni Tecumseh.

Sasa injini. Briggs & Stratton hugonga namba tatu kwenye bati la feni: modeli, aina na kodi. Tarakimu moja au mbili za mwanzo za modeli ni ujazo kwa inchi za ujazo. 243431 ni inchi 24, yaani karibu sentimita za ujazo 390. Kodi ni tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha kiwanda. Kodi 72061504 ni injini ya tarehe 15 Juni 1972. Hiyo ni njia ya haraka ya kujua kama injini ni ya asili. Trekta ya 1964 yenye injini ya 1972 imebadilishiwa, na injini ndiyo utakayoiagizia vipuri.

Kohler za mfululizo wa K zina jina kwenye bamba la bati la feni: K161 ni farasi 7, K181 ni 8, K241 ni 10, K301 ni 12, K321 ni 14 na K341 ni 16. Herufi S mwishoni inamaanisha staata ya umeme, na Q ni zile za kelele kidogo. Nakili pia namba ya vipimo iliyo chini ya modeli, kwa kuwa K301 mbili zinaweza kutofautiana kombeo (shafti inayozungushwa na pistoni) na sampu (bakuli la oili). Kwenye Tecumseh, HH ni injini yenye kombeo ya kulala na silinda ya chuma cha kumimina, VH ni ya kusimama ya aina hiyo hiyo, na tarakimu zinazofuata ni nguvu: HH100 ni farasi 10.

Kuikagua kabla ya kuizungusha

Usigeuze ufunguo bado. Chomoa waya wa plagi, toa plagi, kisha fungua bati la feni. Karibu kila trekta iliyolala ina kiota cha panya juu ya mapezi ya silinda, na injini hizi hupozwa kwa upepo peke yake. Iliyozibwa mapezi huchemka, ikaunguza gasketi ya hedi na kukwaruza silinda ndani ya dakika kumi za kazi. Kiota chenyewe kilowanishe kwa maji yenye dawa ya klorini, vaa barakoa na glavu, ndipo ukitoe. Vumbi la kinyesi cha panya lina maradhi.

Angalia ubavu wa injini, hasa usawa wa kombeo. Kiraka cha welding au cha gundi ya chuma ni dalili kuwa mkono wa pistoni uliwahi kutoboa bloku. Mikono ya Kohler K ni ya alumini, haina beringi za kubadilisha, na hulainishwa kwa oili inayorushwa na kijiko kilicho chini ya mkono wenyewe. Oili ikishuka, au injini ikizungushwa kupita mizunguko 3600 kwa dakika, mkono ndio wa kwanza kukatika.

Mwaga oili kwenye chombo safi uitazame. Nyeusi si tatizo. Ya rangi ya maziwa ina maji. Inayonuka petroli na iliyozidi alama ya kijiti imeingiliwa na mafuta, ama kwa sababu kiwambo cha pampu ya petroli kimepasuka, ama sindano ya kabureta haifungi na tangi liko juu yake. Usiiwashe kabla ya kuondoa chanzo. Petroli huifanya oili kuwa nyepesi kama maji, na mkono wa alumini hausamehi.

Tia vijiko viwili vya oili kupitia tundu la plagi, subiri saa moja, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito lililo mwishoni mwa kombeo) kwa mkono. Ikizunguka, vizuri. Ikigoma, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimina mpaka yafunike pistoni, yaache siku kadhaa, ukiitikisa flaiwili mbele na nyuma kidogo kidogo kila siku. Usilazimishe kwa staata na usiipige pistoni kwa nyundo. Ikikubali, toa mchanganyiko wote na ubadilishe oili kabla ya jambo jingine lolote.

Injini inayozunguka laini mno, bila kukaza popote, kwa kawaida ina valvu iliyokwama wazi. Hizi ni injini za valvu za ubavuni, na hedi ni bati tu lenye mapezi, hivyo kuifungua ni kazi ya nusu saa. Zungusha flaiwili utazame valvu zote mbili. Inayobaki juu itie mafuta ya kupenya kwenye shina, igongegonge kwa kipande cha mti ishuke, zungusha injini ipande, rudia mpaka itembee yenyewe. Kwangua kaboni kwa kijiti cha mti, weka gasketi mpya, na kaza bolti kwa hatua, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. K161 na K181 zinataka Nm 20 hadi 27. K241 hadi K341 zinataka Nm 34 hadi 41.

Kuhusu kipimo cha mgandamizo, Kohler nyingi zina kifaa kwenye kemshafti kinachoinua valvu ya moshi kidogo wakati wa kuwasha ili staata isichoke. Kwa hiyo geji itasoma chini hata injini ikiwa nzima. Zungusha flaiwili kinyumenyume kwa mkono. Ikikugomea kwa nguvu, ringi na valvu zinatosha kuanzia.

Kohler K241 hadi K341 nyingi zina pia gia mbili za kupunguza mtikisiko ndani ya bloku. Zikichakaa huvunjika na kupasua bloku. Kama kwa sababu yoyote utaifungua injini mpaka ndani, zitoe. Itatikisika kidogo zaidi, lakini itadumu.

Cheche

Plagi mpya ni rahisi kuliko kubishana na ya zamani. Pengo lake ni inchi 0.035 (mm 0.9) kwa Kohler zinazotumia betri na koili ya nje, inchi 0.025 (mm 0.64) kwa Kohler za magneto (zinazojitengenezea umeme wa cheche kwa sumaku, bila betri), na inchi 0.030 (mm 0.76) kwa Briggs.

Pasipo cheche, mshukiwa wa kwanza ni platini. Zikikaa miaka mingi hufanya utando usioonekana unaozuia umeme. Kwenye Kohler K kazi ni nyepesi, kwani platini ziko nje ya bloku chini ya kifuniko kidogo. Pitisha karatasi ngumu safi katikati yake, kisha karatasi iliyolowa spiriti, mpaka itoke haina alama. Kama nyuso zina mashimo, badilisha platini pamoja na kondesa. Zungusha injini mpaka ziachane kabisa, pima kwa fila (vibati vya kupimia mapengo), weka inchi 0.020 (mm 0.5).

Hapo watu wengi huishia, na injini huwaka lakini haina nguvu. Pengo la inchi 0.020 ni pa kuanzia. Linalotawala ni wakati wa cheche. Kwenye bati la feni au bamba la beringi kuna kitundu cha kuchungulia flaiwili. Alama ya S ni nyuzi 20 kabla ya pistoni kufika juu, na platini zinatakiwa zianze kuachana pale S inapofika katikati ya kitundu. Unganisha taa ya majaribio au mita kwenye platini, zungusha polepole, rekebisha mpaka taa ibadilike hapo hapo. Pengo likiishia 0.018 au 0.022, sawa.

Koili ya Kohler iwe ya volti 12 isiyohitaji rezista ya nje. Upande wa chanya unapokea umeme wa swichi na wa hasi unakwenda kwenye platini. Koili ya gari inayotaka rezista ikifungwa hapa huchoma platini upesi.

Kwenye Briggs za zamani platini zimejificha chini ya flaiwili. Itoe kwa kivutio chake (kifaa cha kuing'olea), kamwe si kwa kuipiga mapezi, kwa sababu yakimeguka flaiwili itatikisika milele. Ukishaifungua, tazama kii ya flaiwili. Ni ya chuma laini, imewekwa ikatike kisu kinapogonga jiwe. Hata ikipinda kidogo tu, wakati wa cheche huhama na injini hupiga teke au haiwaki. Nyingi za Briggs hizi hukubali moduli ya Magnetron, isiyohitaji platini kabisa. Pengo kati ya koili na flaiwili liwe inchi 0.010 hadi 0.014 (mm 0.25 hadi 0.35), karibu unene wa kadi ya jina.

Petroli

Mwaga mafuta ya zamani yote, usiyachanganye na mapya. Badilisha mpira wa mafuta na chujio bila kujadili. Mpira uliokauka humeguka kwa ndani na chembe zake huziba kabureta uliyoisafisha jana. Tangi lenye kutu litie kiganja cha nati ndogo na siki, litikise, liache usiku mzima, tikisa tena, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, kausha kabisa, kisha suuza kwa petroli kidogo.

Kabureta ifungue juu ya trei nyeupe. Piga picha kila hatua. Toa bakuli, boya, sindano ya boya na kiti chake, sindano kuu na skrubu ya mwendo wa chini. Tikisa boya sikioni. Likilia maji ndani, limetoboka. Loweka chuma kwenye dawa ya kabureta, bila mpira wala plastiki. Kila njia ipitishwe waya mwembamba wa shaba na upepo mpaka uone mwanga upande wa pili. Tundu dogo la mwendo wa chini ndilo linalosahaulika; likibaki limeziba, injini itawaka kwa choki tu, ikizima choki ikifunguliwa.

Tazama ncha ya sindano kuu. Mtu aliyeikaza kwa nguvu ameiachia mfereji, na sindano yenye mfereji haiwezi kurekebika. Shika pia shafti ya throtoli uitikise. Ikicheza sana, hewa inaingia pembeni na injini itapanda na kushuka bila kutulia, hata ukibadilisha kila kitu kingine.

Ukiunganisha, funga sindano zote kwa vidole mpaka zigusane kwa upole, kisha zifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Hapo ni pa kuwashia tu. Injini ikipata joto, iweke mwendo kasi, funga sindano kuu polepole mpaka ianze kupungua, kumbuka mahali, ifungue mpaka ianze kukohoa kwa mafuta mengi, kisha iache katikati, ikielemea kidogo upande wa mafuta. Iliyobanwa mno hutoa nguvu nzuri kwa siku moja, halafu huunguza valvu.

Kuwasha mara ya kwanza

Fanya nje, trekta imefungwa breki, gia huru, deki ya visu imetolewa au beliti yake imechomolewa, na kizima moto karibu. Tia oili SAE 30: karibu lita 1.9 kwa K241 na kubwa zake, karibu lita 1.2 kwa K161 na K181, na neno la mwisho ni la kijiti cha kupimia. Petroli ya majaribio ning'iniza kwenye chupa ndogo badala ya tangi. Hakikisha unajua jinsi ya kuizima bila ufunguo: andaa waya wa kugusisha upande wa platini wa koili na bodi.

Moshi mwingi kwa dakika tano za mwanzo ni oili uliyomimina. Ukiendelea, usikimbilie ringi. Fungua kifuniko cha kipumuo ubavuni mwa bloku kwanza. Kijibati chake kikikwama, shinikizo hujaa ndani ya bloku na kusukuma oili juu ya pistoni na nje kupitia sili. Kipumuo ni kipuri kidogo, na wengi wamefungua injini nzima kwa kosa lake. Baada ya saa moja ya kazi mwaga oili hiyo ya kwanza. Itatoka na uchafu wa miaka.

Umeme

Trekta nyingi za miaka ya 1960 zina staata na jenereta ndani ya kifaa kimoja kinachozungushwa kwa beliti. Staata ikizunguka kwa kilegevu, usiilaumu kabla ya mambo matatu: beliti iliyolegea (ikisukumwa kwa kidole ishuke karibu sm 1.2), betri dhaifu (ikitulia isome volti 12.6), na athi mbovu. Athi ndiyo mkosaji mkuu. Kwangua kutu mahali waya wa athi unapoungana na fremu, na injini inapokaa juu ya fremu, mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi.

Ukiwa umechomoa nyaya za regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) au umeweka mpya, ielekeze polariti kabla ya kuwasha: gusisha waya kati ya BAT na GEN kwa mguso mmoja wa haraka. Cheche ndogo itaruka, basi. Usipofanya hivyo jenereta huweza kuchaji kinyume na kuunganisha platini za regyuleta. Mfumo mzima wa kuchaji husoma karibu volti 14 hadi 14.5 injini ikienda kasi.

Trekta za baadaye zina stata (koili za kuzalisha umeme, si staata) chini ya flaiwili na kirekebishi kidogo badala ya jenereta. Hizo usizichomoe betri injini ikiwa inafanya kazi.

Mwendo, breki na tairi

Fungua giaboksi kwenye bolti ya kumwagia. Mafuta ya rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia kupitia mpira wa fimbo ya gia uliochanika. Tia lita moja ya dizeli, inua magurudumu ya nyuma, zungusha gia zote dakika chache, mwaga, rudia mpaka itoke safi, kisha tia mafuta yanayotajwa na kitabu cha trekta hiyo. Hapa usibuni. Giaboksi za gia za Wheel Horse hutumia oili nzito ya gia, Cub Cadet za International Harvester hutumia mafuta yaitwayo Hy-Tran, na haidrostati iliyotiwa oili isiyofaa hupoteza nguvu ikishapata joto.

Kwenye Cub Cadet zenye shafti ya kati, kagua pini zinazopita kwenye shafti ya klachi. Matundu yakishakuwa ya yai, pini mpya haitadumu wiki. Shafti ndiyo ya kubadilisha. Cub Cadet za mfululizo wa Quiet Line, kama 1250 na 1450, zina mipira chini ya injini. Mipira ikifa injini huinama na kula shafti hiyo hiyo.

Vumbi la breki na klachi za zamani huenda lina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, usilipulize.

Habu ya gurudumu ikigoma kutoka, chungulia tundu la skrubu ya kubana baada ya kuitoa. Mara nyingi kuna ya pili chini yake, na watu wamepasua habu kwa kutoijua. Halafu joto, mafuta ya kupenya na kivutio, kwa siku mbili tatu, si kwa dakika tano.

Rimu za nyuma zikiwa na kutu kubwa kuzunguka valvu, ndani kulikuwa na maji ya chumvi ya kalsiamu ya kuongeza uzito. Choma kwa bisibisi. Ikipenya, rimu imekwisha. Saizi ya tairi isome ubavuni, kwa mfano 23x8.50-12 nyuma na 16x6.50-8 mbele, na upepo wa nyuma kwa kawaida ni psi 10 hadi 12. Bolti zote ni za inchi, na spana ya milimita itazila vichwa. Chuchu za grisi kwenye ekseli ya mbele na spindo zipigwe mpaka grisi mpya itoke. Usukani unaocheza robo ya mzunguko, tafuta kwanza maungio ya fimbo kabla ya kulaumu gia yake.

Kutu na rangi

Vipande vidogo vioshwe kutu kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji yenye magadi ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, kipande kwenye hasi ya chaja ya volti 12 na chuma cha kawaida kwenye chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu, maana hutoa kromiamu yenye sumu. Fanya nje, kwani gesi inayotoka ni haidrojeni. Rangi za enzi hizo huenda zina risasi, kwa hiyo piga msasa kwa maji, na barakoa usoni. Kama mwenyewe ameamua rangi ya zamani ibaki, osha, paka nta, malizia hapo.

Kuikabidhi

Trekta nyingi za zamani hazizimi zenyewe dereva akianguka. Mpe mzee swichi ya kiti, na swichi ya klachi inayozuia kuwaka ikiwa kwenye gia. Ni waya chache, na hata kama trekta haikutoka nazo kiwandani zifunge. Kwenye koili ya betri, swichi ya kiti ikate umeme wa koili. Kwenye magneto, iguse bodi. Jaribu kila moja mbele yake: nyanyuka kitini visu vikizunguka, na injini lazima izime. Kinga za beliti na mlango wa kutupia majani virudi mahali pake.

Mwisho chukua kadi, andika modeli na namba ya trekta, modeli, aina na kodi ya injini, plagi na pengo lake, aina ya oili ya injini na ya giaboksi, namba za beliti zote, na tarehe uliyobadilisha kila kimoja. Ifunge kwa plastiki uibandike ndani ya boneti, nakala nyingine mwachie mwenye trekta.